Jeshi Likilipia Utafiti wa Magonjwa: Soma Fomu Kabla ya Kutia Saini

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unasoma bei ya mbolea. Unasoma mizani siku ya kuuza kahawa. Unasoma barua ya mwanao aliye mbali. Leo tunataka tuzungumze juu ya karatasi nyingine. Karatasi hiyo huitwa fomu ya ridhaa.

Ridhaa maana yake ni kukubali kwa hiari, bila kulazimishwa na bila kudanganywa. Fomu ya ridhaa huletwa na watafiti wa afya. Wanapotaka kuchukua damu yako, au kukupa dawa au chanjo inayojaribiwa, ni lazima kwanza wakueleze. Wewe ukiwa umeelewa na umekubali, ndipo unatia saini.

Zamani wengi wetu tulitia dole gumba tu. Tulisomewa maneno machache, tukabonyeza wino, tukaondoka. Sasa unaweza kusoma mwenyewe. Katika fomu hiyo kuna mstari mmoja ambao watu wengi huuruka. Ni mstari unaosema nani analipa gharama za utafiti. Mara nyingine mlipaji ni serikali yetu, au chuo kikuu cha nje. Mara nyingine ni jeshi la nchi ya kigeni.

Je, jeshi linatafuta nini katika magonjwa? Je, ni jambo la kuogopa? Tulitazame jambo hili pole pole.

KWA NINI JESHI LINAJALI MAGONJWA

Katika vita vingi, ugonjwa umeua watu wengi kuliko risasi. Hata hapa kwetu ilikuwa hivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Novemba 1918 majeshi ya Wajerumani yalipita Fife, upande wa Zambia, si mbali na Tunduma. Yaliweka silaha chini Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918.

Waliobeba mizigo ya vita hivyo walikuwa Waafrika. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wabeba mizigo hao. Makumi ya maelfu yao walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Majeshi yalijifunza kwamba askari mgonjwa hawezi kupigana. Kwa hiyo yakaanza kutoa fedha za utafiti wa malaria, homa ya manjano, kuhara na magonjwa mengine ya nchi za joto. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni hofu ya silaha za vijidudu. Vijidudu vya ugonjwa vinaweza kukuzwa katika maabara na kutumiwa kuua watu. Jeshi linataka kujua jinsi ya kujikinga. Utafiti wa namna hii huitwa utafiti wa kinga dhidi ya silaha za vijidudu.

KIMETA: UGONJWA WA MIFUGO, TENA SILAHA

Chukua mfano wa kimeta. Wafugaji wanaujua ugonjwa huu. Ng'ombe hufa ghafla. Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Mtu akimchuna au akila nyama yake, anaweza kupata kidonda cheusi cha ngozi, au kuumwa tumbo vibaya, hata kufa.

Kijidudu cha kimeta hujifunika ganda gumu na kukaa udongoni kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo kiliwavutia watu wa vita. Mwaka 1942 Waingereza walijaribu kimeta kama silaha katika kisiwa kidogo cha Scotland kiitwacho Gruinard. Waliwaua kondoo kwa mabomu yenye vijidudu hivyo. Kisiwa kikawa hatari, kikafungwa. Hakikutangazwa kuwa salama mpaka mwaka 1990. Hesabu mwenyewe: ni miaka 48.

Mwaka 2001 mtu alituma barua zenye unga wa kimeta kwa posta huko Marekani. Watu 22 waliugua, na 5 kati yao wakafa. Baada ya hapo serikali ya Marekani iliongeza sana fedha za utafiti wa kinga. Mwaka 2004 ilipitisha sheria ya kutenga dola bilioni 5.6 kwa miaka 10, ili kununua dawa na chanjo za kujikinga na mashambulizi ya namna hiyo.

Kwako wewe mfugaji, kinga ya kimeta haihitaji mabilioni. Chanja mifugo yako. Mnyama aliyekufa ghafla usimchinje, usimchune, usile nyama yake wala usiiuze. Usimpasue, maana vijidudu vikipata hewa hujifunika ganda na kubaki udongoni. Mwite mtaalamu wa mifugo. Azikwe shimo refu au achomwe, kama mtaalamu atakavyoelekeza. Mtu mwenye kidonda cheusi baada ya kugusa mzoga aende zahanati siku ile ile. Dawa ipo, lakini asichelewe.

FEDHA HIZI HUTOLEWAJE

Watu wengine hufikiri kwamba mtafiti hupewa gunia la fedha akafanye atakavyo. Sivyo. Kazi huenda kwa hatua.

Kwanza, serikali au jeshi hutoa tangazo. Tangazo husema: tuna fedha za utafiti wa ugonjwa fulani, anayeweza kazi hii aombe. Pili, watafiti huandika maombi. Humo hueleza wanataka kujua nini, watafanyaje, na watatumia fedha kiasi gani. Tatu, wataalamu wengine husoma maombi hayo na kuyapa alama. Nne, walioshinda hupewa fedha kwa mkataba, nao hutoa taarifa ya matumizi.

Huko Marekani upo mpango mmoja wa utafiti wa tiba chini ya wizara ya ulinzi, ulioanza mwaka 1992 kwa ugonjwa wa saratani ya matiti. Katika mpango huo wagonjwa wenyewe, au ndugu zao, hukaa meza moja na madaktari na kuyapima maombi. Si lazima wawe wasomi wakubwa. Wanaulizwa: je, utafiti huu utatusaidia sisi tunaoumwa? Ni jambo zuri, na linafaa kuigwa kwetu.

Sisi pia tuna mlango wetu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ina mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, uitwao MTUSATE. Watafiti wa Tanzania huomba fedha humo.

Lakini kumbuka neno hili: mwenye fedha ndiye anayechagua swali. Jeshi la nchi ya mbali likilipa, litauliza kwanza maswali yanayowahusu askari wake. Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Si kosa la mtafiti, wala si uchawi. Ni jambo la kujua tu.

YALIYOFANYIKA KARIBU NASI

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Kabla ya hapo Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba zilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Katika mji wa Mbeya kipo kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Kituo cha Mbeya kimefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani, na pia na taasisi ya utafiti ya Jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed. Ugonjwa mkubwa uliowaleta ulikuwa UKIMWI. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita kwetu. Malori hulala Tunduma. Dereva hukaa siku nyingi akingoja kuvuka. Palipo na safari, fedha na upweke, UKIMWI ulipata njia.

Kuanzia mwaka 2006, watu 324 wenye afya wa Kampala, Kericho na Mbeya walijitolea kujaribiwa chanjo ya UKIMWI. Chanjo ile iliuamsha mwili kujilinda. Lakini chanjo ya aina hiyo hiyo ilipojaribiwa Marekani kwa watu wengi zaidi, ilionekana mwaka 2013 kwamba haizuii maambukizi. Kuanzia mwaka 2009 wengine wa Mbeya, Kericho, Kampala na nchi ya Thailand walikubali kutoa damu kidogo mara mbili kila wiki. Kwa damu yao wanasayansi walijifunza jinsi virusi vya UKIMWI vinavyoenea mwilini katika siku za kwanza kabisa.

Mpaka sasa hakuna chanjo ya UKIMWI. Je, watu hao walipoteza bure? Hapana. Mkulima akijaribu mbegu isiyoota katika udongo wake, amejua jambo. Asiporudia mbegu hiyo, amepata faida.

Utafiti mwingine umezaa matunda. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na kampuni moja ya dawa ikishirikiana na Walter Reed. Ilijaribiwa kwa watoto katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa miongoni mwao, na Kombewa huko Kenya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto wa Afrika.

Mfano mwingine ni ndui. Wazee wetu wana alama ya chanjo ya ndui mkononi. Ndui ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekwisha duniani. Lakini virusi vyake bado vimehifadhiwa katika maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi. Marekani iliogopa kwamba adui anaweza kuitumia ndui kama silaha. Ikalipia chanjo mpya iliyotengenezwa na kampuni ya Denmark. Ndui haikurudi. Lakini mwaka 2024 ugonjwa wa mpox, ambao ni ndugu wa ndui, ulienea sana Kongo. Chanjo iliyopelekwa Kongo mwaka huo ilikuwa ile ile iliyotengenezwa kwa hofu ya vita. Machi 2025 mpox ilithibitishwa Tanzania pia. Msomaji wa Tunduma anayaona malori ya Kongo kila siku. Anaelewa kwa nini jambo hili linamhusu.

FEDHA ZA NJE HUWEZA KUKATIKA

Siyo utafiti tu. Mwaka 2003 Marekani ilianzisha mpango wa PEPFAR wa kupambana na UKIMWI. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, sehemu kubwa ya fedha hizo ilipitia Walter Reed. Zilisaidia vipimo, dawa na mishahara ya wahudumu katika vituo vingi vya afya.

Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani iliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Huduma katika nchi nyingi zikatikisika. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo tuulize katika mikutano yetu: je, halmashauri yetu imetenga fedha za afya? Je, dawa zikipungua, mpango ni upi? Na wewe unayetumia dawa za UKIMWI, usiache dawa kwa kusikia uvumi. Nenda kituoni ukaulize.

RIDHAA ILIKOTOKA

Kuna jambo la ajabu hapa. Moja ya fomu za kwanza za ridhaa zilizoandikwa ilitoka jeshini. Mwaka 1900 daktari wa jeshi, Walter Reed, alikuwa Cuba akitafuta chanzo cha homa ya manjano. Miaka 19 kabla yake daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa amesema kwamba mbu ndiye anayeieneza. Reed alitaka kuhakikisha. Watu waliojitolea kuumwa na mbu waliandikiwa mkataba. Mkataba ulieleza kwamba wanaweza kufa. Wahamiaji kutoka Hispania waliupata kwa Kihispania, yaani lugha yao wenyewe. Ilithibitika kwamba mbu ndiye mwenezi.

Lakini si wote walioheshimiwa hivyo. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende. Wengi walikuwa wakulima maskini. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Dawa ya penisilini ilipopatikana, hawakupewa. Madaktari walitaka kuona ugonjwa unavyokwenda. Jambo hilo lilisimamishwa mwaka 1972, baada ya gazeti kuliandika. Ni miaka 40.

Kwa ajili ya maovu kama hayo, dunia imeweka sheria. Tanzania pia ina kinga zake. Utafiti wa afya ni lazima upate kibali cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR. Dawa au chanjo inayojaribiwa ni lazima ipite pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Na kuhusu silaha, upo mkataba wa dunia wa mwaka 1972 unaokataza silaha za vijidudu. Tanzania iliuridhia mwaka 2019.

MASWALI NANE YA KUULIZA

Mtafiti akija kijijini, mkaribishe. Mpe kiti. Halafu muulize:

1. Wewe ni nani, na nani analipia utafiti huu?
2. Kibali kiko wapi? Naomba nikione.
3. Mnataka kujua nini?
4. Mtachukua nini mwilini mwangu? Kiasi gani? Mara ngapi?
5. Hatari yake ni ipi?
6. Nikiumia kwa sababu ya utafiti, nani atanitibu, na nani atalipa?
7. Damu yangu itakwenda wapi? Itabaki nchini au itasafirishwa? Itatumika kwa kazi nyingine?
8. Matokeo tutaletewa lini hapa kijijini?

Mtafiti mwema hatakasirika. Ni kazi yake kujibu. Fomu iwe ya Kiswahili. Ukikuta neno gumu, mwambie akueleze. Una haki ya kuichukua nyumbani, ukazungumza na mwenzi wako au mwanao. Asiyejua kusoma awe na shahidi anayejua kusoma, ambaye si mtu wa mtafiti.

Ukikubali, unaweza kuacha siku yoyote. Hutanyimwa matibabu ya kawaida kwa sababu umeacha au umekataa. Ukirudishiwa nauli na kufidiwa muda wako, ni sawa. Lakini mtu akikuvuta kwa fedha nyingi na hataki usome, simama. Nenda kwa mganga wa zahanati au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ukaulize.

UVUMI NAO NI UGONJWA

Zamani watu waliogopa mumiani. Ilisemwa kwamba kuna watu wanaonyonya damu usiku na kuiuza. Hofu hiyo bado ipo. Mtu akiona gari jeupe na sindano, anakimbia. Akisikia neno jeshi, anakimbia zaidi.

Usikimbie, wala usikubali upofu. Chanjo za kawaida za watoto wako, zile zinazotolewa kliniki, hazijaribiwi kwako. Zimekwisha kupimwa. Mpeleke mtoto. Utafiti ni jambo jingine, nao una fomu yake. Ukijua tofauti hiyo, uvumi hautakuyumbisha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Fanyeni hivyo tena. Someni makala hii kwa sauti katika kikundi chenu cha kisomo. Nakilini maswali nane na kuyabandika kwenye ukuta wa zahanati au ofisi ya kijiji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini jeshi hutoa fedha za utafiti wa magonjwa? Tajeni sababu mbili.
2. Ng'ombe wa jirani amekufa ghafla, damu inatoka puani. Jirani anataka kugawa nyama. Mtamwambia nini?
3. Je, kijiji chetu kimewahi kutembelewa na watafiti? Tuliletewa matokeo?
4. Mama hajui kusoma naye ameletewa fomu. Mtamsaidiaje?

MANENO MAPYA

Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.
Maadili: kanuni za kutenda mema na kuepuka kumdhuru mtu.
Maabara: chumba cha kupimia damu, choo, makohozi na vijidudu.
Sampuli: kiasi kidogo cha damu au kitu kingine kinachochukuliwa ili kupimwa.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa na wenye mamlaka.